Mtenda Aliyefichwa: Uhakiki wa Kiswahili cha Habari za Kimataifa

Mnamo Oktoba na Novemba 1976 wajumbe wa UNESCO walikutana Nairobi kwa mkutano mkuu wa 19 wa shirika hilo, na miongoni mwa mambo yaliyowatia joto mno lilikuwa suala la habari. Wajumbe wa nchi changa walilalamika kwamba ulimwengu mzima huelezwa na mashirika machache yenye makao London, Paris na New York. Kwamba Afrika hutajwa tu panapokuwa na njaa, mapinduzi au vita. Na kwamba Mwafrika hupata habari za jirani yake kwa kupitia Ulaya. Wajumbe wa Magharibi walijibu kwamba malalamiko hayo ni pazia tu, na nyuma yake zimo serikali zinazotaka kuyafunga magazeti mdomo. Tamko lililokuwa mezani, ambalo Muungano wa Kisovyeti ulikuwa umelipigania, liliahirishwa. Lilikuja kupitishwa mwaka 1978, likiwa limelainishwa sana.

Kamisheni iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland, yenye wajumbe 16, ilitoa taarifa yake mwaka 1980. Hamkuwa na mjumbe wa Kenya wala wa Tanzania ndani yake. Taarifa hiyo iliigusia lugha, lakini mjadala uliofuata ulihusu zaidi mkondo wa habari: nani atume, nani apokee, nani agharimie. Shirika la habari la Afrika, PANA, lililoundwa mwaka 1979, likaanza kazi Dakar mwaka 1983, na Kiswahili hakikuwamo miongoni mwa lugha zake. Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza ikafuata mwaka 1985, na ugomvi ukapoa kabla haujaamuliwa. Mwanafunzi wa lugha anayeyapitia mabishano hayo leo hawezi kukosa kuona ajabu moja. Wahasimu wale walikuwa wameafikiana, bila ya kujua, kwamba habari ni kama maji ya mfereji. Walichogombania ni nani ashike bomba.

Na ukweli ni kwamba Waswahili hawakuwa na uhaba wa mabomba. Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954; BBC ya London ikafuata 1957, Peking 1961, Sauti ya Amerika 1962, na Deutsche Welle ya Ujerumani 1963; Moscow nayo ikawamo. Mtu wa Lamu mwenye redio ya transista aliweza, katika jioni moja ya miaka ile ya 1960, kuvisikia vita vya Vietnam vikisimuliwa mara tatu au nne, na kila mara na mshindi mwingine. Asubuhi yake barazani watu walilinganisha waliyoyasikia. Imo hekima ya kweli katika desturi hiyo, na hata leo wataalamu wa vyombo vya habari huisifu: sikiliza kila upande, kisha ukweli utaukuta katikati. Lakini katikati ya nini? Stesheni moja ikisema wamekufa watu 100 na nyingine ikisema 1,000, ukweli hauwi 550. Fauka ya hayo, stesheni zinazopingana juu ya nani shujaa na nani msaliti huweza kuafikiana kabisa juu ya jinsi ya kuunda sentensi; na katika sentensi ndimo upendeleo ulio mgumu kugunduliwa unamokaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki mbali. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, watu waliokuwa wamezuiliwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau walipelekwa kufanya kazi kwenye mifereji ya maji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo, na askari walinzi wakawapiga kwa marungu. Watu kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni kwa waandishi wa habari ilitaja wafu kumi, ikaeleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji katika gari la maji lililotumiwa na wote, walinzi wakiwa miongoni mwao.

Taarifa hiyo inastahili kusomwa darasani kama linavyosomwa shairi. Mtu akiitafuta ndani yake kauli moja iliyo uwongo mtupu, atapata taabu. Yawezekana kabisa kwamba watu wale walikunywa maji kabla ya kufa. Kiunganishi "baada ya" hakisemi zaidi ya wakati. Ni msomaji mwenyewe anayekigeuza kuwa sababu, kwa kuwa akili ya binadamu haipendi kuwekewa mambo mawili sambamba bila ya kuyafunga kamba. Halafu vifo "vilitokea". Kifo kimefanywa nomino, nomino ikafanywa kiima, na kiima hicho kikapewa kitenzi kinachofaa kwa mvua au kupatwa kwa jua. Marungu hayamo. Askari wamo, lakini wamo kama wanywaji wa maji.

Hakimu aliyevichunguza vifo hivyo aliona kwamba vilisababishwa na mshtuko na kuvuja damu kutokana na kupigwa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo jambo hilo likajadiliwa usiku katika Bunge la Uingereza, na hata mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, akaishutumu vikali serikali ya chama chake. Lililo muhimu kwa mhakiki ni njia iliyoufikisha ukweli huo. Haikuwa stesheni ya pili. Miili ilipasuliwa na madaktari, mashahidi wakahojiwa, na likaulizwa swali ambalo sarufi ya taarifa ile ilikuwa imeufunga mlango wake: nani aliyetenda?

Kiswahili kina namna nyingi za kuuacha wazi mlango huo au kuufunga, nyingi kuliko Kiingereza, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili na wanaohakiki lugha ya habari. "Askari waliwaua wafungwa" ni sentensi yenye mtenda na mtendwa. "Wafungwa waliuawa na askari" imembadilisha kiima, ila mtenda hajaondoka. "Wafungwa waliuawa" imemnyamazia mtenda. Hata hivyo kiambishi cha kutendwa kingali kinamshuhudia, maana hakuna kuuawa pasipo muuaji, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Nafasi ya kirai kile cha "na" imebaki tupu, nayo inaonekana kuwa tupu. "Wafungwa walikufa" imeifuta nafasi yenyewe.

Hatari zaidi ni kauli ya kutendeka. "Nyumba zilibomolewa" humwacha mbomoaji akisubiri kutajwa. "Nyumba zilibomoka" haimkubali hata akija: hakuna Mswahili asemaye kwamba nyumba zilibomoka na askari. Kila mzazi anaijua sarufi hii. Mtoto huja akasema kikombe kimevunjika, na mama humuuliza, "Kimevunjika au umekivunja?" Mama huyo hakusoma isimu, lakini ameligusa tatizo lote la habari za kimataifa katika maneno matatu. Sasa na afungue redio. Bunduki zimefyatuka. Madaraja yameharibika. Mazungumzo yamevunjika. Risasi zimerindima usiku kucha, kama kwamba risasi ni ngoma na zimejipiga zenyewe. Mara nyingi Kiingereza kilichofasiriwa kilikuwa kimetumia kauli ya kutendwa, ambayo walau ilikiri kwamba yuko aliyefyatua. Mfasiri, kwa kupenda utamu wa lugha yake, amemsamehe mpiga risasi ambaye hata shirika la ng'ambo halikuwa limemsamehe.

Kitenzi "kuzuka" nacho kimepewa kazi kubwa. Mapigano huzuka, ghasia huzuka, machafuko huzuka. Mzuka ni kitu kijacho bila ya kuzaliwa, hakina baba wala mama, na hakiulizwi kilikotoka. Yafaa mno kwa hadithi za usiku.

Halafu iko kauli ya kutendana. Tarehe 21 Machi 1960 huko Sharpeville, Afrika Kusini, polisi walifyatulia risasi umati uliokuwa ukipinga sheria ya pasi. Hesabu rasmi ya waliouawa ni 69, wengi wao wakiwa wamepigwa risasi mgongoni. Tukio la namna hiyo, likipita katika lugha ya mashirika, hupenda kuitwa kwa neno ambalo Kiswahili hulitoa kama "mapambano" au "makabiliano" baina ya polisi na waandamanaji. Mofimu -an- si pambo. Inadai watendaji wawili, kila mmoja akimtenda mwenziwe. Mtu anayekimbia amegeuza mgongo hawezi kukabiliana na yeyote. Neno lenyewe "kukabili" ni kuelekezana nyuso. Hapa upendeleo haukuja kwa kusema uwongo juu ya hesabu, wala kwa kuwatukana waliokufa. Umekuja kwa kuwapa wafu nusu ya kitendo.

Na hata -a unganifu, kitu kidogo hivyo, hubeba mzigo. Tarehe 16 Juni 1976, miezi minne kabla ya mkutano ule wa Nairobi, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kuipinga amri ya kufundishwa kwa Kiafrikana, nao wakapigwa risasi. Kiingereza cha magazeti mengi kiliziita hizo ghasia za Soweto. Ghasia ni za nani? Ni za Soweto. Mji umefanywa mwenye mali, na polisi wakawa wageni waliokuta ghasia za watu. Hakuna aliyesema "risasi za Pretoria", ingawa unganifu ule ule ungeliweza kulibeba neno hilo bila ya shida yoyote.

Ama kuhusu nomino, wahakiki wengi huanzia na kuishia kwenye neno "gaidi", na yafaa kulipitia kwa uangalifu zaidi ya kawaida. Imesemwa mara kwa mara kwamba neno hilo lina dharau kwa kuwa wingi wake huchukua ma-, kama majitu na majizi, ilhali mpiganaji amebaki katika ngeli ya watu. Hoja hiyo haisimami: madaktari na mawaziri nao wana ma-, na wote hao, magaidi wakiwamo, huchukua upatanisho wa a-/wa-. Tatizo la gaidi ni la maana. Neno hilo limehusishwa na mnyang'anyi, mtu avamiaye wasafiri apate mali. Mnyang'anyi hana nchi anayoidai, hana malalamiko, hana mkataba anaoweza kutia sahihi. Serikali ya kikoloni na magazeti ya Uingereza yalipowapa wapiganaji wa Mau Mau jina ambalo leo hufasiriwa kwa neno hilo, ardhi iliondolewa katika habari kwa pigo moja.

Neno "wanamgambo" halijatazamwa kwa bidii kama hiyo, nalo lina mambo. Mgambo asili yake ni mwito wa watu wote, ule wa mbiu ambayo ikilia kuna jambo. Katika Tanzania mgambo ni jeshi la wananchi, na mtu aweza kujisifu kwamba alipitia mafunzo yake. Katika habari za ng'ambo, mwanamgambo ni mtu mwenye bunduki ambaye mtangazaji hataki kumwita askari, kwa kuwa hana serikali, wala gaidi, kwa kuwa mhariri amekataza. Neno moja, basi, husikika kwa namna mbili katika pande mbili za mpaka wa Namanga. Oktoba 2023 mawaziri wa Uingereza waliilaumu BBC kwa kutowaita Hamas magaidi kwa kauli yake yenyewe. Shirika likajitetea kwamba neno hilo huliachia wale wanaonukuliwa. Utetezi huo una uadilifu wake, lakini ni wa Kiingereza. Msikilizaji wa Kiswahili alibaki na lake la kuuliza, kwa kuwa neno la badala analopewa halikuanza likiwa tupu.

Vitenzi vya kunena vingehitaji makala yake. Mmoja yatosha: "kudai". Mdai ni mwenye haki yake mkononi mwa mwingine. Mahakamani ndiye aliyeleta kesi, na dukani ndiye anayesubiri kulipwa. Katika habari neno limepinduka. Mkimbizi aliyeona nyumba yake ikichomwa "anadai". Msemaji wa jeshi, ambaye hakuwapo, "anaeleza". Hakuna mhariri aliyeagiza hivyo. Desturi yenyewe imejijengea ngazi, ya wanaosema, wanaoeleza, wanaodai na wanaolalama, na cheo cha mtu katika ngazi hiyo hujulikana kabla hajafungua kinywa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kumwonea mfasiri. Kazi yake, watasema, ni kuifikisha habari kama ilivyoletwa. Yeye si hakimu, hakuwapo Sharpeville, na habari iliyofika kwa teleprinta saa sita hutakiwa hewani saa saba. Hoja hii ni nzito, na kila aliyewahi kukaa katika chumba cha habari ataiunga mkono. Lakini uaminifu kwa matini ya asili haumpi mfasiri wa Kiswahili maficho anayoyadhania. Kiingereza kina vitenzi vingi ambavyo umbo lao moja hutumika kwa chombo kilichovunjwa na kwa chombo kilichovunjika. Kiswahili hakina anasa hiyo. Mfasiri lazima achague -w- au -k-, na kila akichagua amekwisha kutoa hukumu ambayo matini ya asili haikuitoa. Kama hakuna njia ya kukwepa kuchagua, basi yafaa achague kwa kujua. Na pale ambapo mtenda hajulikani, kauli ya kutendwa ndiyo iliyo na insafu, si kwa kuwa inashutumu, bali kwa kuwa inaiacha nafasi yake wazi: watu wameuawa, na aliyewaua hajajulikana. Kutojua kwa mwandishi kumetamkwa. Katika "watu wamepoteza maisha", kutojua kumejifanya kujua, na tena kosa limehamia kwa marehemu, kana kwamba maisha ni kitambulisho walichokiangusha njiani.

Haifai pia kudhani kwamba sarufi hii ni mali ya wageni. Serikali nyingi zilizolalamika mwaka 1976 juu ya mashirika ya ng'ambo zilikuwa zimekwisha kuirithi, pamoja na majengo na mihuri. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, mamia ya wanaume walikusanywa na askari wa serikali ya Kenya huru, wakazuiliwa juani bila ya maji kwa siku kadhaa. Hesabu ya serikali ilikuwa wafu 57. Walionusurika wametaja mamia, na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililirudia suala hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kwa miaka mingi jambo lenyewe liliitwa "operesheni", neno la hospitali, ambapo mgonjwa hukatwa kwa faida yake. Msomaji wa Hola ataitambua lugha hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba mwaka 1959 ulikuwapo uchunguzi uliosema wazi, katika muda wa miezi, kilichowaua watu wale kumi na mmoja. Wagalla ilingoja karibu miaka 30.

Limebaki suala la upendeleo unaowapendeza wasomaji wenyewe, ambao ni mgumu zaidi kuhakiki. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alikiri Bungeni kwamba Wakenya waliteswa na kudhulumiwa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya dhati ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Katika hotuba hiyo hiyo serikali yake ilikataa kwamba inawajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema Nairobi kwamba kwa matendo yale hapakuwa na udhuru, akanena juu ya huzuni na majuto makubwa. Maneno ya wote wawili yalikuwa yamepimwa kwa mizani ya wanasheria.

Mwandishi wa Kiswahili, hapo, ana ngazi tatu mkononi. Kusikitika ni kwa yeyote. Jirani husikitika kwa msiba usio wake. Kujuta ni kwa aliyetenda, lakini majuto humkalia mtu moyoni na hayahitaji mwenziwe. Kuomba radhi ni kwenda kwa uliyemkosea, kumtazama, na kumwachia uwezo wa kukunyima. Wazee wa Mau Mau walikuwa wamelingojea hilo la tatu. Kichwa cha habari kisemacho "Mfalme aomba radhi" kingewafurahisha wasomaji wengi, kingeuza magazeti, na kingeonekana kuwa cha haki kwa waliodhulumiwa. Hakingekuwa cha kweli, maana radhi haikuombwa. Na mwandishi ambaye angekiandika angekuwa amemfanyia Mfalme hisani ambayo washauri wake wote walikuwa wamejihadhari asiilipie.